Ukoo ni wa baba, mkono ni wa mama

Kila wanapotajwa Wamaisin wa Ghuba ya Collingwood, mkoa wa Oro, Papua New Guinea, hurudi lawama moja: kwamba tapa, nguo yao ya gome la mforosadi, ni mzigo wa mwanamke. Yeye hulimenya gome, hulitwanga juu ya gogo mpaka litanuke, hulianika, hulichora, na shamba na jiko bado vinamngoja. Michoro ya ukoo hurithiwa upande wa baba.

Lawama hiyo si ya bure. Katika miaka ya 1990, Wamaisin walipokataa kuwauzia wakata magogo msitu wao, tapa ndiyo iliyotegemewa kuleta fedha. Mwaka 1995 ilionyeshwa hadi Berkeley, California. Soko likipanuka, mgongo unaoinama juu ya gogo ni wa mwanamke.

Lakini mtazame akichora. Hana rula wala kielelezo. Hulikunja gome, huchora sehemu ya kwanza kwa rangi nyeusi, kisha huirudia sehemu baada ya sehemu, na nyekundu hujazwa baadaye. Akiolewa, hujifunza mchoro wa ukoo wa mumewe. Hapa ndipo wakosoaji wanapopita haraka mno. Ukoo wa mwanaume hauonekani ngomani mpaka mwanamke, tena aliyezaliwa ukoo mwingine, auchore. Mwanaume anamiliki alama asiyoichora yeye. Zamani msichana aliyevunja ungo alichorwa tatuu uso mzima, kwa mistari ya kupinda inayofanana na ya tapa, ndipo akahesabiwa mwanamke. Kwa hiyo kumwambia bibi wa Uiaku, kijiji cha Wamaisin, kwamba angekuwa huru zaidi bila tapa ni kumvua jina lake mwenyewe.

Wala jinsia haimo ndani ya gome. Buganda, lubugo, nguo ya gome ya huko, hutwangwa na wanaume, mafundi wa ukoo wa Ngonge, na huko hakuna anayeiita kazi hiyo utumwa. Huitwa ufundi, na mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa binadamu. Gome ni gome, nyundo ni nyundo. Kilichobadilika ni anayeishika, na heshima ikabadilika naye.

Mwaka 2002 mahakama iliwarudishia Wamaisin ardhi yao, yenye msitu ule waliokataa kuuza. Linalostahili kugombewa sasa ni bei ya tapa, na nani anaketi inapopangwa.