Nimechoka Kupumzika

Kuna bwana mmoja anaitwa Pierre. Ana duka la mbegu kwenye gemu ya Stardew Valley, na Jumatano hafungui. Siku nyingine anafungua saa tatu asubuhi na kufunga saa kumi na moja jioni. Sasa niulize ile ofisi ninayotakiwa kupeleka fomu zangu inafungwa saa ngapi. Sijui! Fomu zipo juu ya kabati, zimeanza kupata rangi ya kabati. Lakini ratiba ya Pierre, mtu ambaye hajazaliwa wala hatazaliwa, ipo kichwani mwangu mpaka dakika.

Na ukitaka Pierre afungue hata Jumatano, dawa ipo: ukarabati ukumbi wa jamii wa kijiji kizima. Chumba baada ya chumba, kwa jasho lako. Ulete samaki, ulete mazao, ulete madini, ulete matunda ya porini. Jamani, mwenye duka yupo, meya yupo, wanakijiji wenye afya zao wapo, wamekaa miaka wanaliangalia lile jengo likibomoka, wanamsubiri nani? Mgeni aliyeshuka juzi kwenye basi, hata nyumba yake mwenyewe hajaifagia.

Gemu hizi wanaziita za utulivu. Muziki wake laini, rangi zake za kupendeza, hakuna mtu anayekupigia kelele. Umetoka kazini kichwa kimejaa, unaambiwa kaa hapa, tuliza roho. Nikakaa. Nikapewa jembe.

Siku nzima ndani ya gemu hiyo ni dakika 14 hivi za saa ya ukutani. Unaamka saa kumi na mbili alfajiri. Unamwagilia shamba, mche mmoja mmoja, kopo linaisha maji, unakwenda kuchota, unarudi. Unang'oa magugu. Unapasua mawe. Ukiinua macho, tayari ni saa nane mchana na hujamsalimia ng'ombe, na ng'ombe asiposalimiwa ananuna. Halafu nguvu nazo zina kipimo. Kipo pembeni ya skrini, kinashuka kila unapoinua jembe. Mimi mwenye mgongo huu, nimetoka kwenye uchovu wangu wa kweli, nimekuja kusimamia uchovu wa mtu mwingine!

Saa nane usiku ikikukuta nje, unaanguka palepale. Kesho yake unaamka mnyonge, sandukuni kuna barua kwamba umeokotwa, na pesa zimepungua. Hata kwenye ndoto kuna gharama za matibabu.

Ila kilichoniuma kuliko vyote ni uzio. Uzio unaoza. Naomba mnielewe hapa. Huu ni ulimwengu wa kubuni, wenye wachawi na mazimwi mapangoni. Aliyeutengeneza, Eric Barone, aliufanya peke yake kwa miaka minne na nusu hivi, michoro yeye, muziki yeye, maneno yeye, mpaka ukatoka Februari 2016. Alikuwa na uwezo wa kuamua lolote. Angeweza kuamua mbao zisioze. Hakuna ambaye angelalamika. Yeye akakaa chini na akili zake timamu, akaandika kwamba uzio wa mbao utachakaa na kuvunjika kipande kimoja kimoja, na mimi nitatoka asubuhi nikute pengo. Huyo ndiye mtu anayeyajua maisha vizuri kuliko inavyofaa.

Wapo pia majirani. Kila mmoja ana siku yake ya kuzaliwa, kila mmoja ana anachopenda na asichotaka hata kukiona, na hakuna anayekuambia. Unampelekea dada wa watu ua, anashukuru. Unampelekea mwenzake ua lilelile, anakutazama kwa namna ya kukufanya ujiulize umekosea wapi katika malezi. Ukipekua pipa la taka huku jirani anakuona, urafiki unashuka. Isipokuwa Linus, yule mzee anayeishi kwenye hema, yeye hana neno. Linus ndiye rafiki yangu wa dhati kule, na mtu akinisema vibaya nitamwita shahidi.

Nimefanya utafiti kidogo kujua nani alianzisha mateso haya. Mwaka 1996 Mjapani Yasuhiro Wada alitoa gemu ya shamba ambayo nje ya Japani ikaitwa Harvest Moon. Alikulia kijijini, akahamia Tokyo, akapakumbuka kwao. Mtu mmoja kakumbuka kwao, sisi wengine tunapalilia mpaka leo. Mwaka 2009 ikaja FarmVille, ile ya Facebook, ambayo mazao yalikuwa yanaiva kwa saa za dunia hii. Umepanda kitu cha kuiva baada ya saa nne, basi baada ya saa nne uwe umerudi, ukizubaa kinanyauka. Watu wazima wenye vyeo walikuwa wanatoka vikaoni kwenda kuvuna. Ilifungwa mwisho wa mwaka 2020, na wengine hatukulia.

Hatukulia kwa sababu Machi mwaka huohuo ilikuwa imekuja gemu nyingine, Animal Crossing: New Horizons, na tulikuwa na deni.

Hapo ndipo nilipokutana na Tom Nook. Ni mnyama, kimo kifupi, shati la likizo, uso wa upole. Anakupeleka kisiwani, anakupa hema, anakupigia makofi. Unadhani umeshinda bahati nasibu. Muda si muda anakuletea hesabu. Unailipa. Anakwambia vipi, hutaki nyumba? Nyumba ni sarafu 98,000 za kule kwao, zinaitwa kengele. Unavua samaki, unatikisa miti, unakimbizwa na nyigu wanaodondoka kutoka mtini, uso unavimba, unalipa. Anatabasamu. Vipi, hutaki chumba cha pili? Na unataka! Ndiyo ubaya wake, kweli unataka. Deni la mwisho la nyumba ile ni kengele 2,498,000.

Nilitaka sana kumchukia huyu mnyama. Tatizo ni kwamba hatozi riba. Wala hana tarehe ya mwisho, wala hakupigii simu, wala hatumi ujumbe kwa ndugu zako. Anaweza kukudai mpaka uzeeni. Nimewahi kuwaza kwamba nikihama dunia hii nihamie kwa yule mnyang'anyi, kwa sababu ndiye mkopeshaji pekee ninayemfahamu mwenye adabu.

Sasa saa za kisiwani ni saa zako wewe. Kwako usiku, kule usiku. Duka linafunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa nne usiku, muda ambao mimi ndio kwanza nimevua viatu. Jumapili asubuhi anakuja binti mmoja mwenye makamasi, anauza tanipu, mboga fulani ya mizizi. Unanunua mwisho saa sita mchana, halafu wiki nzima unachungulia bei dukani, asubuhi bei nyingine, mchana bei nyingine, uuze kwa faida. Jumapili ya pili zikikukuta nazo, zimeoza zote. Kwa hiyo nina mzigo sokoni. Nipo kwenye mkutano wa kikazi, bosi anasema neno “soko”, mimi nashtuka kwa sababu nyingine kabisa.

Na ole wako ususe. Ukikaa mbali muda mrefu, ukirudi unakuta magugu yametapakaa kisiwa kizima, mende wanakimbia sebuleni, wewe mwenyewe unatoka mlangoni nywele timutimu. Majirani, ambao kule ni wanyama, wanakuuliza ulikuwa wapi siku zote hizo. Mimi kuulizwa nilikuwa wapi nimezoea, lakini si na bata.

Basi nikasema, kama utulivu ndio huu, bora vita. Nikahamia kwenye gemu za kupigana mtandaoni, zile watu 100 wanarukia kisiwani kutoka angani na anabaki mmoja. Nilijua angalau huko hakuna uzio.

Vita vyenyewe ungeviona. Una nusu saa yako ya kucheza, umeiomba kwa heshima, watoto wamelala. Unafungua gemu, inakwambia kuna sasisho, jibi kadhaa. Bando linapiga magoti. Nusu saa yako unaitazama asilimia ikisoma 37, ikisoma 37, ikisoma 37. Likimaliza kushuka, unakuta walichoongeza ni kofia.

Ukibahatika kuingia, unakutana na mtandao. Wasiocheza hawawezi kujua uchungu huu, kwa hiyo nitaueleza taratibu. Kinachoendelea kwenye simu yako si mchezo wenyewe. Mchezo wenyewe uko kwenye seva, kompyuta iliyo mbali huko, na wewe na adui mnapeleka habari zenu kule na kurudishiwa. Muda wa kwenda na kurudi unahesabiwa kwa milisekunde, na wenye mtandao mzuri zao chache. Zangu mimi unaweza kuzisindikiza kwa macho. Sasa nakimbia, nafika nyuma ya ukuta, nimejificha kabisa, naona tofali kwa tofali mbele ya pua yangu. Nakufa. Kwa sababu kwenye macho ya seva bado nipo nje nakimbia, kifua wazi. Mimi nimeshafika, taarifa zangu ziko njiani. Halafu inakuonyesha marudio kutoka kwenye jicho la aliyekuua, na kule ukuta haupo karibu kabisa, ni mtu mzima tu anakatiza uwanja kwa kujiamini.

Na aliyekuua sauti bado haijavunjika. Wengi wao mimi ni rika la baba zao, na cha ajabu wana adabu! Kuna mmoja tulipangwa kikosi kimoja, nikafungua maiki nikasema “Jamani, nafuata nyuma.” Kimya. Kisha:

“Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Anko, samahani, wewe ni mtu au roboti?”

“Mtu.”

“Haya. Basi anko kaa hapo hapo kwenye kichaka, usiguse kitu, sisi tunarudi.”

Nikakaa kwenye kichaka. Tulishika nafasi ya pili. Ni matokeo bora kuwahi kuyapata, na sikufyatua risasi hata moja. Katikati ya mapambano ya mwisho nikasikia kwa mbali sauti ya mwanamke inamwita akaoge, naye anajibu “Nakuja, mama,” huku anaua.

Gemu za mtandaoni haziwezi kusimamishwa, na hilo ndilo jambo ambalo ndani ya nyumba hakuna anayelikubali. Mke wangu akiniita, nasema subiri kidogo, haisimami hii, niko na watu. Anaganda mlangoni, mkono kiunoni.

“Mko wangapi?”

“Mia.”

“Na hao tisini na tisa wengine hawana wake?”

Tangu hapo nimekosa jibu, na nimejaribu kulitafuta hata bafuni.

Nikarudi kwenye utulivu, kichwa chini. Nikapata PowerWash Simulator, gemu ambayo kazi yake ni kuosha. Umeshika mpira wa maji wenye presha, mbele yako kuna gari lenye tope, au uwanja wa michezo wa watoto. Unaosha mpaka paandikwe safi. Sitasema mengi kwa sababu ninaona haya, lakini sauti ile inayolia sehemu moja ikikamilika inafika mpaka kwenye uti wa mgongo. Kinachotesa ni asilimia ya mwisho. Kila kitu kinang'aa na bado hapajaandikwa safi, kuna kidoa mahali, chini ya bomba, nyuma ya bawaba. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye zulia, pua iko kwenye skrini natafuta kidoa hicho, mke wangu akapita, akanitazama mimi, akatazama upande wa sinki, akanitazama tena. Hakusema kitu. Alichofanya ni kibaya zaidi. Alikaa kwenye sofa akasema, “Hebu niwekee ile ya shamba.”

Stardew mnaweza kucheza wengi kwenye shamba moja. Nilifurahi, nikidhani nimepata mwenzangu. Nilikuwa nimepata msimamizi. Wiki haijaisha ana daftari, daftari la kweli la karatasi, lenye siku za kuzaliwa za wanakijiji wote. Mfuko wa pesa ni mmoja. Nilikuwa naweka 10,000 za kupanua begi langu kwa mara ya pili, nimebakiza kidogo tu, nikaamka asubuhi nikakuta banda la kuku linajengwa. “Begi la nini,” ananiambia, “wewe unabeba nini?” Kunguru wakila mche, naulizwa mimi. Uzio ukivunjika, naitwa kwa jina langu kamili.

Na mkicheza wawili, muda hausimami hata ukifungua begi kutafuta kitu. Halafu siku haiishi mpaka wote mlale. Yeye anamaliza kazi zake mapema, anapanda kitandani, kwenye skrini yake inaandikwa anasubiri wengine. Wengine ni mimi. Mimi niko mtoni. Samaki wa kule wamo ndani ya kijisanduku kirefu, anaruka juu, anazama chini, na wewe una kijimstari cha kijani unakibonyeza kimfuate, kikimpoteza ameondoka. Huyu wa leo ni mkubwa, nimeshamjua kwa anavyoruka.

“Baba, saa nane kasoro. Njoo ulale.”

“Nakuja.”

“Utaanguka huko, tukatwe pesa. Nina mipango na hizo pesa.”

“Nakuja, mke wangu, nina samaki hapa.”

“Si ndicho ulichosema jana? Lala!”

Tumekaa sofa moja, bega kwa bega, macho makavu wote wawili, na mimi natafuta namna ya kumweleza kwamba nyumbani ni mbali na farasi sina.