Spika ya katikati ndiyo sinema yenyewe

Mama alikuja kutoka Mumias Agosti iliyopita, akakaa nasi wiki tatu hapa Nakuru. Jumamosi moja jioni, vyombo vimeshaondolewa, tukaweka filamu kwenye deki. Watoto wakajilaza kwenye kapeti, mimi na mke wangu tukakaa kwenye kochi, mama akachukua kiti cha karibu na dirisha. Nusu saa haijaisha akaniuliza, "Huyu mzee amesema nini?" Nikamweleza. Baada ya dakika mbili tena: "Na huyu msichana?" Nikaongeza sauti. Gari likalipuka, madirisha yakatetema, mtoto mdogo akaziba masikio, nikapunguza. Watu wakarudi kuzungumza, nikaongeza. Mwishowe mama akainuka. "Baba, nyinyi endeleeni tu. Mimi nikapumzike."

Maneno hayo yaliniuma. Masikio ya mama hayana neno. Akiwa kitandani kwake husikia ng'ombe akikata kamba. Nilikuwa na seti ya spika tano na woofa, lile sanduku la besi lenye pia mashine ya kuendesha spika zote, niliyoinunua miaka minne nyuma kwa pesa za kuchanga polepole, na kumbe miaka yote hiyo sikuwa nimesikia filamu hata moja jinsi ilivyotengenezwa.

Hapa kwetu tunapima sauti ya sinema kwa besi. Mtu akileta woofa nyumbani, kitu cha kwanza ni kumwita jirani aje asikie glasi zikigongana kabatini. Mimi nasema kipimo hicho kimetupoteza. Sauti nzuri ya filamu ni ile inayomwezesha mama mwenye miaka 68 kumsikia mtu akinong'ona bila yeyote kugusa rimoti, na mlipuko ukija umshtue bila kumuumiza. Wengi wetu tunaweza kufika hapo na vyombo tulivyo navyo, tukiongeza labda waya mmoja.

Diski halisi ya filamu, ya DVD, kwa kawaida huwa na sauti ya njia sita, ndiyo ile inayoandikwa 5.1 nyuma ya kasha. Kuna mbele kushoto, mbele kulia, katikati, nyuma mbili, na ya sita ni ya besi nzito peke yake. Hiyo ya sita inaishia hezi 120 (mitetemo 120 kwa sekunde), yaani inabeba kipande kidogo tu cha sauti, ndiyo maana ikahesabiwa kama nukta moja badala ya njia kamili. Maneno ya waigizaji, karibu yote, huwekwa katikati. Kushoto na kulia kuna muziki na vitu vinavyopita. Nyuma kuna mahali penyewe: mvua, soko, wadudu wa usiku.

Sasa angalia waya uliotoka deki kwenda woofa kwako. Kama ni ule wa vichwa viwili, chekundu na cheupe, deki imelazimika kukunja njia sita ziwe mbili. Njia ya katikati inapunguzwa kisha inamwagwa kushoto na kulia, ikachanganyike na muziki na magari. Hapo ndipo maneno yanapozama. Na ile njia ya besi? Katika kukunja huko, kwa kawaida hutupwa kabisa. Mtu anayependa besi kuliko vyote, na ametumia waya mwekundu na mweupe miaka yote, hajawahi kuisikia njia iliyorekodiwa kwa ajili yake. Ngurumo anayoisikia ni mabaki yaliyokuwa kwenye njia nyingine. Kisha woofa inapokea njia mbili na kuanza kubahatisha jinsi ya kuzigawanya tena ziwe tano.

Usiku ule mama alipolala nililala chali nyuma ya kabati la TV, tochi ya simu mdomoni. Nyuma ya deki kulikuwa na shimo dogo la mraba lenye kifuniko cheusi cha plastiki. Aliyeniuzia aliniambia halina kazi, nami sikuuliza zaidi. Nilipokitoa kifuniko, mwanga mwekundu ukatoka. Ile ni sauti inayosafirishwa kwa mwanga, na upande wa woofa kulikuwa na shimo la aina hiyohiyo. Yalikuwa yameangaliana miaka minne, na kilichokosekana kati yake kilikuwa waya usiofika urefu wa mkono wangu.

Jumatatu nikaununua mjini kwa shilingi 450. Ukiupata, toa vikofia vidogo vya plastiki kwenye ncha zote mbili kabla ya kuuchomeka, na usiukunje kwa nguvu, maana mwanga hauvuki mahali palipovunjika. Nikawasha. Bado sauti ilikuwa ileile! Nusura nikate tamaa, mpaka nilipoingia kwenye menyu ya deki, sehemu ya sauti, nikakuta njia ya kidijitali imewekwa PCM, yaani sauti ambayo deki imeshaifungua yenyewe. Kwa waya wa mwanga, PCM ni njia mbili tu. Badilisha iwe "Bitstream". Deki nyingine huandika "RAW". Hapo deki inaacha kukunja na kuipeleka sauti jinsi ilivyo kwenye diski, woofa ndiyo inaifungua. Kwenye kioo cha woofa yangu yakatokea maneno Dolby Digital, jina la mfumo unaobeba zile njia sita. Sikuwahi kuyaona tangu nimeinunua.

Kama woofa yako haina shimo la mwanga lakini ina matundu sita ya rangi nyuma, angalia kama deki nayo inayo sita. Ikiwa inayo, unganisha yote, kisha kwenye menyu ya spika ondoa 2CH (njia mbili) uweke 5.1. Matokeo ni mazuri vilevile. Kitu kingine: wengi hupitisha deki kwenye TV kwa HDMI, waya unaobeba picha na sauti pamoja, halafu TV ndiyo iipe woofa sauti. TV nyingi zikipewa njia sita hutoa mbili. Sauti ya deki iende woofa moja kwa moja, TV ibaki na picha.

Wenye Blu-ray mna utajiri zaidi, maana sauti yake inaweza kuwekwa bila kupunguzwa chochote, lakini sauti hiyo kamili haipiti kwenye waya wa mwanga. Inataka HDMI na mashine inayoielewa. Kwenye menyu ya deki yake kuna sauti ya pili, ile inayochanganya mlio wa vitufe na maelezo ya mwongozaji. Zima. Ikiwa imewashwa, deki hufungua sauti na kuifunga upya kwa kiwango cha chini kila mara.

Nirudi kwa mama. Kuna mpangilio mwingine kwenye menyu, unaitwa DRC, au "Night" kwenye mashine nyingine. Kazi yake ni kuinua sauti ndogo na kuibana sauti kubwa. Watu wanaojiita wajuzi watakwambia uuzime daima, ati unaharibu kazi ya walioitengeneza filamu. Mchana nakubaliana nao. Lakini sisi wengi tunaishi nyumba za kupanga, ukuta mmoja familia mbili. Saa nne usiku, mtoto wa jirani amelala, washa. Mnong'ono unabaki, mlipuko hauvuki ukuta. Walioutengeneza mpangilio huo walijua kuna watu wanaishi kama sisi, na kuutumia ni heshima kwa jirani.

Haya ya waya na menyu yanaisha kwa saa moja. Jambo lililonichukua wiki nzima ni mahali pa spika, na hapa ndipo nyumba zetu nyingi zinapokosea. Nimeingia sebule nyingi za mitaa ya hapa Nakuru, Free Area, Lanet, Section 58, na ninachokuta ni spika zote tano zimepangwa kwenye kabati la TV kama sahani, mbili kulia, mbili kushoto, ya katikati imesukumwa ndani ya shubaka la chini, na zote zimefunikwa vitambaa vya kufuma. Yangu ya katikati ilikuwa nyuma ya picha ya harusi. Miaka minne maneno ya kila mwigizaji yalipita kwenye fremu ya picha ndipo yatufikie.

Nimeitoa, nimeiweka chini ya TV pale mbele kabisa kwenye ukingo wa kabati, na nimeiinamisha juu kidogo kwa kipande cha mti ili iangalie nyuso za watu, si magoti. Mbili za mbele zimesogezwa mbali na TV, kushoto na kulia, zikiangalia kochi. Zile za nyuma zilitaka kutundikwa ukutani, lakini mwenye nyumba hataki msumari, kwa hiyo ziko juu ya vigoda virefu viwili, pembeni ya kochi na nyuma kidogo ya masikio yetu. Si lazima ziwe mgongoni kabisa. Vitambaa mke wangu amevihamishia kwenye viti. Tulizungumza kidogo juu ya hilo, naye alikubali baada ya kusikia tofauti.

Woofa yenyewe usiibane kwenye kona kwa kuwa tu kona iko wazi. Kona hukuza besi, na besi iliyokuzwa hufunika maneno. Mimi niliisogeza hatua moja moja kando ya ukuta huku mtoto wangu mkubwa ameketi kwenye kochi akisikiliza wimbo mmoja unaorudiwa, mpaka akasema, "Hapo, baba. Hapo inasikika kama ngoma, si kama lori."

Kisha umbali. Sauti hutembea kama mita 343 kwa sekunde, yaani kila mita ni takriban milisekunde tatu. Spika zangu za mbele ziko mita 2.4 kutoka kochini, za nyuma mita 1.1, kwa hiyo za nyuma zilikuwa zinawahi kwa karibu milisekunde nne. Ni kidogo, lakini sikio linageukia kinachowahi kufika. Niliazima tepu ya fundi, nikapima, nikaandika namba kwenye menyu. Mashine ikajua kuzichelewesha. Menyu hiyohiyo ina sauti ya majaribio, shhhh, inayozunguka spika moja baada ya nyingine. Kaa mahali pako pa kila siku, na kila spika isikike sawa na wenzake. Baada ya hapo mimi niliongeza ya katikati alama mbili zaidi, kwa ajili ya mama, na sijutii.

Chumba nacho kina sauti yake. Simama katikati ya sebule upige kofi moja kali. Ukisikia mlio unaobaki hewani, sakafu na kuta ndizo zinazokurushia maneno mara ya pili. Sakafu yetu ni taili. Kapeti nene mbele ya TV na pazia nzito za mitumba kwenye dirisha kubwa vilifanya kazi kuliko nilivyotarajia, na usiku wa baridi wa Nakuru pazia hizo zina faida nyingine.

Yote haya ni bure kama diski yenyewe haina kitu. DVD ya safu moja hubeba gigabaiti 4.7. Ile ya mtaani yenye filamu kumi imegawa nafasi hiyo mara kumi, chini ya nusu gigabaiti kwa filamu moja, picha na sauti pamoja, wakati diski halisi ya safu mbili ina hadi 8.5. Sauti nayo hubanwa, na mara nyingi hubaki njia mbili nyembamba. Ukiwa nayo, au ukipenda zile za DJ anayesimulia kwa Kiswahili, washa Pro Logic kwenye woofa: sauti inayolingana kushoto na kulia huvutwa ikaja katikati, na msimulizi anasikika vizuri. Ukiwa na ndugu Uingereza wa kukutumia diski, ajue kwamba diski hufungiwa kanda, yaani sehemu ya dunia zinakochezeka: Blu-ray za huko ni za kanda moja na zetu, ya B, lakini DVD za huko ni kanda ya 2 na sisi ni ya 5, kwa hiyo deki iwe inayokubali kanda zote. Na kwenye menyu ya filamu, kabla ya kuianzisha, chagua 5.1. Diski nyingine huanza na njia mbili usipochagua.

Sikuzungumzia wati kwa sababu sioni cha kuzungumzia. Kasha la woofa yangu lilidai maelfu ya wati za PMPO, ile namba ya kilele inayowekwa kwa ajili ya matangazo, na kibao cha nyuma kinasema inakula wati 80 kutoka kwa stima. Haiwezi kuendelea kutoa zaidi ya inachokula.

Mama alirudi mwezi wa kumi na mbili. Tuliweka filamu ileile, kwa makusudi. Sikumwambia kitu. Alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, na yule mzee aliponong'ona, mama akaitikia kwa sauti, "Mwongo!" Watoto wakacheka. Rimoti ilikuwa mezani. Kabla filamu haijaisha mvua ikaanza juu ya mabati, ile mvua isiyosikilizana na mtu, na kwa mvua hiyo sijapata dawa. Tukasimamisha filamu, mke wangu akaenda kuweka chai, mama akasema, "Ngojeni inyeshe iishe, nataka nisikie atakavyojitetea."