Mkusanya Sarafu, Waandikie Warithi Wako

Rafiki yangu alinitumia picha za sarafu za marehemu baba yake, akiniomba nimwambie ni za nini. Nilipozifungua niliumia. Wanafamilia walikuwa wamezitoa zote kwenye vikasha vyake, wakazisugua kwa dawa ya kung'arishia fedha, wakazimwaga pamoja kwenye bakuli. Vikasha na vyeti vilikuwa vimeshatupwa. Walitaka zipendeze kabla ya kumwonyesha mnunuzi.

Siwezi kuwalaumu. Wangejuaje kwamba sarafu ya prufu, yaani ile maalumu ya wakusanyaji yenye uso unaong'aa kama kioo, hupigwa zaidi ya mara moja kwa muhuri uliong'arishwa, na kwamba kitambaa kikipita juu ya kile kioo chake kinaacha mikwaruzo isiyofutika? Aliyejua alikuwa mmoja tu, naye amezikwa bila kuandika mstari hata mmoja. Lawama yangu ni kwake, Mungu amrehemu, na kwetu sote tunaokusanya kwa mapenzi makubwa huku maelezo yote tumeyaweka kichwani.

Kinachonikera zaidi ni habari ya seti, yaani sarafu zilizotolewa pamoja kwenye boksi moja. Sarafu moja moja unaweza kuitambua hata ikiwa peke yake: nchi, mwaka, thamani iliyoandikwa, uzito, kipenyo, ukingo. Seti ikishavunjwa ni kazi nyingine kabisa. Chukua seti za prufu za Marekani. Tangu 1992 kiwanda chao cha sarafu kimekuwa kikitoa seti ya kawaida na seti ya madini ya fedha kwa mwaka uleule, sura zilezile, herufi S ileile ya San Francisco. Ukizichanganya, itabidi uanze kutazama ukingo kama una mstari wa shaba, ambao ni wa ile ya kawaida, au upime kwenye mizani: robo dola ya kawaida ina gramu 5.67, ile ya fedha ya miaka ya tisini ina 6.25. Boksi na cheti vingekueleza hayo bila kugusa chochote. Kwa hiyo mtu anapotupa boksi kwa sababu ni karatasi tu, ametupa utambulisho wa seti nzima.

Tena kuna seti ambazo tofauti yake iko kwenye herufi moja. Prufu za San Francisco zilitakiwa kuwa na S, lakini baadhi zilitoka bila hiyo: senti 10 za 1968, 1970 na 1983, na senti 1 ya 1990. Ya senti 10 ya 1975 isiyo na S, zinazojulikana ni 2 tu duniani. Mrithi gani atachukua lenzi akatafute herufi ambayo haipo? Kama wewe uliiona, iandike. Usipoiandika, ugunduzi wako umezikwa nawe.

Mwaka nao hudanganya. Thaler ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria, imeandikwa 1780, lakini imeendelea kupigwa kwa mwaka huohuo muda mrefu baada ya malkia huyo kufariki. Sarafu za Dola ya Uthmaniya zilizoandikwa 1293 zinataja mwaka wa Hijria ambao Abdulhamid wa Pili alitawazwa. Mwaka zilipopigwa unaupata kwenye namba nyingine, ya mwaka wa utawala wake. Mtoto wako akiisoma hiyo 1293 kama mwaka wa kawaida, atadhani ameshika kitu cha karne ya kumi na tatu, na mnunuzi mjanja ataona hapo hapo kwamba anaongea na mtu asiyejua.

Orodha ninayoitaka basi ni ya kumwandikia mtu asiyependa sarafu. Nakubali, programu za simu na katalogi ya mtandaoni ya Numista zinasaidia sana, nami nazitumia. Lakini faili lenye nywila unayoijua peke yako halimsaidii mtu siku ya matanga. Andika kwenye karatasi pia. Kila seti iwe na namba, na namba hiyo ibandikwe kwenye boksi, kamwe si kwenye sarafu. Kisha nchi, mwaka, aina ya seti, idadi ya sarafu zinazotakiwa kuwemo na zilizomo kweli, madini, namba ya katalogi, ulikoinunua, lini na kwa bei gani. Piga picha pande zote mbili. Juu kabisa, kwa herufi kubwa: MSISAFISHE, MSITOE KWENYE VIKASHA. Kama kuna plastiki laini ya PVC inayoacha utando wa kijani, hilo lishughulikie wewe mwenyewe sasa.

Na uwe mkweli kuhusu thamani, hata kama inauma. Seti nyingi za kisasa zilitengenezwa kwa mamilioni, na nyingi huuzwa leo chini ya bei zilizotoka nayo kiwandani. Waambie hivyo. Nimeona ndugu wakinuniana kwa sababu ya kasha ambalo kila mmoja aliamini lina utajiri, kumbe mwenyewe alijua ni la kawaida na hakumwambia mtu. Ukikadiria bei, andika na tarehe ya kukadiria, kwa sababu bei ya madini ya fedha haikai mahali pamoja. Zile chache zenye thamani ya kweli ziwekee alama, na ueleze ni kwa nini. Kama kuna sarafu ya mtu mwingine uliyoazimwa, hiyo ianze kabisa kwenye orodha.

Orodha isilale kwenye kabati moja na sarafu, maana mwizi au moto havitachagua. Nakala moja mpe unayemwamini, pamoja na majina ya watu wawili wanaojua sarafu na wasio wanunuzi, ili warithi wawaulize kabla ya kukubali bei ya kwanza.