Kadi si cheti, jamani

Ile sauti ya WhatsApp inayozunguka kwenye magrupu yetu ya Uingereza, ya bwana anayesema kuhusu kadi za bangi ya matibabu, "lipia kadi tu, polisi hawakugusi", naomba ifutwe. Kadi ni plastiki. Sheria ya huku inatambua bangi iliyotolewa na famasi kwa cheti cha daktari bingwa, ikiwa kwenye kopo lake lenye lebo ya jina lako. Ukikutwa nayo bila cheti ni dawa ya kulevya ya daraja B, hadi miaka 5 jela, na kwa wenye viza kuna balaa la pili.

Njia halali ipo tangu tarehe 1 Novemba 2018. GP, daktari wako wa kawaida wa mtaani, hawezi kukuanzishia, usimgombeze bure. Anayeanzisha ni bingwa aliyesajiliwa, tena wa ugonjwa wako. Kupitia NHS, huduma ya afya ya serikali, wanaopata ni wachache: kifafa kikali, misuli kukakamaa kwa wenye MS (ugonjwa wa mishipa ya fahamu), kichefuchefu cha dawa za saratani. Mwenye maumivu sugu hata asipoteze nauli, mwongozo wa 2019 wa NICE, taasisi inayopanga miongozo ya tiba ya NHS, haumruhusu. Amebakiwa na kliniki binafsi, na hapo bwana wa kadi ana hoja moja: ni ghali. Haya, nimempa.

Wengi wetu tunakwama kwenye faili. Kliniki itaomba muhtasari wa matibabu yako kutoka kwa GP, na macho yao yanatafuta jambo moja: umeshatumia angalau tiba mbili za kawaida zikashindwa? Sisi mgongo unauma miaka 6, tunameza panado na kuchua mafuta, na siku tukimwona GP kwa mafua tunasema "kwema tu". Kwema! Faili jeupe, bingwa anakataa, tunalia ubaguzi. Nenda ukaseme maumivu yalianza lini, kazi gani huiwezi tena, unalala saa ngapi. Dawa ikikusumbua rudi ukaseme, usiitelekeze kabatini. Uliyoiacha kimyakimya haihesabiki kuwa imeshindwa, kwa sababu hakuna aliyeandika. Na kama umewahi kuugua ugonjwa wa akili wa skizofrenia au saikosisi, usifiche. Watakunyima, na wana sababu: bangi huichochea.

Cheti kikitoka kina uhai wa siku 28, ukachukue dawa kabla hazijaisha, na kwa kawaida utapewa dawa ya siku 30. Maua ya bangi huvutwa kwa mashine ya mvuke. Ukiyasokota na kuyawasha umevunja sheria, cheti au bila cheti. Barabarani kikomo cha THC, kile kinacholevya kwenye bangi, ni mikrogramu 2 kwa lita ya damu. Cheti kitakutetea ukizidi, ila si kama kichwa kimelewa na usukani umeushika.

Na wewe unayefunga mabegi ya Desemba: cheti cha London hakina kazi JKIA wala Dar. Muulize bingwa wako dawa mbadala wiki kadhaa kabla, kopo libaki kabatini Uingereza.