Wachimba makaa wa Asturias na askari walioletwa kutoka Morocco

Jambo la Asturias, mkoa wa kaskazini mwa Hispania, mwaka 1934 linanikaa moyoni siku nyingi, acha leo niliseme.

Wengi tukisikia Hispania tunajua vita ya wenyewe kwa wenyewe ya 1936, kumbe miaka miwili kabla wachimba makaa ya mawe wa kaskazini walishika silaha. Oktoba hiyo chama cha CEDA, wahafidhina wa Gil-Robles, kilipewa viti vya uwaziri kwenye serikali ya waziri mkuu Lerroux, na wafanyakazi walishaona Februari kule Vienna, Austria, serikali ya Dollfuss ikipiga nyumba za wafanyakazi kwa mizinga, wakasema sisi hatusubiri zamu yetu. Tarehe 5 wakavamia vituo vya polisi. Bunduki zilikuwa chache ila baruti wanaijua, ndo kazi yao ya kila siku shimoni, mtu anawasha utambi kwa sigara iliyoko mdomoni halafu anarusha. Wakaingia Oviedo, wakateka kiwanda cha silaha cha Trubia, wasoshalisti na wakomunisti na waanakisti wote pamoja, na kwangu mimi huo umoja ndo uliowashikilia wiki mbili wakati kwingine Hispania uasi ulishazimika. Waliua mapadri pia, na hilo silitetei kabisa.

Sasa linaloniuma. Jenerali Franco, yule aliyekuja kuwa dikteta, akiwa wizara ya vita Madrid, aliongoza operesheni na wakaletwa askari wa Morocco. Yaani watu ambao miaka ya 1920 vijiji vyao vya Rif, milimani kaskazini mwa Morocco, vilimwagiwa gesi ya sumu na Hispania hiyohiyo, leo wanavalishwa magwanda yake wakamuue mchimba makaa! Sisi tuliosoma habari za askari weusi wa Mjerumani kwenye Maji Maji tunaujua huo mchezo, maskini anatumwa kwa maskini mwenzake.

Tarehe 18 risasi zimeisha, Belarmino Tomás, kiongozi wa wachimba makaa, akaenda kwa Jenerali López Ochoa wa jeshi la serikali kusalimu amri, na sharti lake lilikuwa wanajeshi wa Morocco wasitangulie kuingia mabondeni kwao. Jenerali akakubali. Tomás akasimama Sama, mji wa wachimba makaa, kuwaambia wenzake imeisha, wengi wakazificha bunduki badala ya kuzirudisha.

Baadaye akaletwa Meja Doval wa Guardia Civil, polisi wa kijeshi wa Hispania, akawatesa wafungwa waseme bunduki ziko wapi. Huyo hakutoka Morocco, alikuwa Mhispania mwenzao.