Kaunta Buku la Bi Mkubwa

Pale mtaani kwetu Tandika, ukiuliza nyumba ya marehemu mama, kila mtu atakuonyesha. Ukiuliza nani anadaiwa na marehemu mama, kila mtu atakuonyesha jirani yake.

Alikuwa na duka la dirishani. Chumba cha mbele cha nyumba, dirisha lina nondo na wavu, katikati tundu la kupitisha mkono, na juu yake kibao cha rangi nyekundu: KUKOPA HARUSI, KULIPA MATANGA. Fundi aliyeandika kibao hicho alichukua ujira wake kwa unga, akazidisha kilo moja, akaandikwa. Ndiye mdaiwa wa kwanza wa duka letu.

Mama alianza na maandazi ya barazani, zama zile za foleni na maduka ya kaya. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, mtu ukikutwa na katoni za sabuni chumbani una maelezo ya kutoa, na yeye alikuwa na miche kadhaa ya akiba. Akailaza kitandani pembeni ya dada yangu mchanga, akawafunika wote shuka moja. Dada hadi leo akisikia harufu ya sabuni ya kufulia anasinzia. Mzee Mwinyi alipoingia Ikulu Novemba 1985 na bidhaa zikaanza kuonekana tena, mama akatoboa dirisha. Alfajiri anapanda chai maharage, magari ya abiria ya enzi hizo, kwenda Kariakoo, anarudi kakalia gunia lake la sukari ili lisije likashukia kituo kingine. Baba alitangulia mapema, hivyo ada zetu, sare zetu, hata mahari aliyotolewa mke wa kaka, vyote vilipita kwenye lile tundu la dirisha.

Alikuwa mbishi, Mungu amrehemu. Mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku, tarehe 1 Juni 2019, sisi tukadhani kaichoma yote. Tulipokuja kuinua godoro lake tukakuta mabunda. Mpangaji mmoja akatuambia mama alimweleza kuwa anaipa serikali muda wa kufikiria upya.

Ila hazina yake hasa ilikuwa kaunta buku. Jina na kiasi aliandika kwa herufi kubwa, wino mweusi, kama mabango ya mpira. Vitu vilivyokopwa aliandika chini yake kwa herufi ndogo ndogo. Na chini ya hapo, kwa herufi ndogo zaidi, maoni yake.

Sasa, siku ya kuanua tanga, kama ada, baada ya hitma tulipanga zisomwe rambirambi, watu washukuriwe, kisha pilau. Rambirambi nazo zilikuwa zinaandikwa kwenye kaunta buku. Rangi ile ile, unene ule ule, limenunuliwa wapi kama si dukani kwetu. Nani aliliweka la madeni juu ya meza ya mbele, hilo halijajulikana, na kila shangazi ana mtu wake anayemshuku.

Msomaji alikuwa mzee wetu mjumbe. Huyu akishika kipaza sauti, hata kama anatangaza mbuzi aliyepotea, huanza na salamu za viongozi. Miwani yake ilikaliwa ndani ya basi tulilokodi siku ya mazishi, kwa hiyo alikuwa anaona herufi kubwa tu. Herufi ndogo aliziona kama vumbi. Kuna mahali alizipuliza.

"Baba Mwajuma," akasoma, "elfu kumi na tisa na mia nne!"

Wanaume chini ya turubai wakaguna kwa heshima. Mashallah. Baba Mwajuma ni yule mtu ambaye kila msiba husimama kuwakumbusha wenzake kuwa kutoa ni moyo, kisha anakaa. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaiweka kofia sawa, akagusa kifua kuitikia shukrani. Kama hela imemtoka bila yeye kujua, basi na iwe heri.

Kutoka uwani kwa wanawake ikapaa sauti: "Elfu kumi na tisa kaitoa wapi huyo? Leo kaniachia elfu mbili ya mboga!"

Shangazi wakamnyamazisha. Mjumbe akaendelea. "Mama Chapati, elfu tatu na mia saba. Mpangaji Chumba cha Mwisho, elfu nane, mia tisa na hamsini."

"Hamsini?" mzee mmoja akanong'ona. "Rambirambi gani ya hamsini?"

"Usimdharau mwenzio," akajibiwa. "Kila mtu na uwezo wake."

Huku nyuma waliotoa kweli wakaanza kugeukiana. Shemeji yetu wa Mbagala alikuwa ametoa elfu hamsini taslimu, mbele za watu, na amekaa amenyoosha mgongo anasubiri jina lake. Haliji. Akamgeukia mtunza fedha, akamtazama bila kupepesa. Mtunza fedha akatoa leso. Kaka yangu naye akaniinamia, "Mbona langu halisomwi?" Mimi nilishaanza kupatwa na wasiwasi, kwa sababu Mama Chapati amelazwa Muhimbili tangu wiki iliyopita.

"Bwana Kesho," mjumbe akapandisha sauti, "elfu ishirini na moja na mia tatu!"

"Takbiir!" kijana mmoja akapiga kelele.

"Allahu Akbar!" turubai zima.

Bwana Kesho ndivyo mama alivyokuwa anamwita, tena usoni. Kati ya watu wote pale, yeye peke yake ndiye aliyeelewa kinachosomwa. Nikamwona ameduwaa na kipande cha kashata mdomoni, hatafuni wala hamezi, macho yameelekea mbele kwa unyenyekevu, huku mguu wake wa kulia ukipapasa chini ya mkeka kutafuta kandambili.

Nikanyanyuka. Nilikuwa nimebanwa katikati ya wajomba wawili wanene, na mpaka nimejinasua, mpwa wangu wa darasa la nne alishafika mbele na tochi ya simu kumsaidia babu. Huyu mtoto amekuwa wa kwanza darasani kwenye kusoma, na tangu matokeo yatoke hajapata hadhara ya kutosha.

"Babu, umeruka," akasema, na kipaza sauti kikamnasa vizuri. "Hapa kwa Baba Mwajuma kuna maneno chini. Nisome?"

"Soma, mjukuu wangu. Labda ni salamu za pole."

Akasoma kwa sauti ya risala. "Sabuni ya kuogea ya maua, moja. Mafuta ya nywele, moja. Biskuti pakiti mbili. Soda mbili, kaondoka nazo." Akavuta pumzi. "Kwake wanaogea sabuni ya mche. Mimi simo."

Palikuwa kimya kiasi cha kusikia mwiko ukidondokea ndani ya sufuria kule uwani. Kisha ikaja ile sauti, safari hii ya upole kabisa.

"Rudia hapo, mwanangu."

Na mtoto, kwa kuwa amelelewa kuwatii wakubwa, akarudia. Akasimama vizuri kwenye kila nukta.

Baba Mwajuma alisimama, akakaa, akasimama tena, akasema anahisi kuna simu inaita. Mjumbe, maskini, bado alikuwa anadhani ni rambirambi ya vitu, akatamka kwenye kipaza sauti, "Tunashukuru sana kwa sabuni." Watu wakainamisha vichwa. Mabega yalikuwa yanatikisika, na mtu anayepita barabarani angedhani ni kilio kipya kimeanza.

Mtoto hana breki. "Bwana Kesho: mayai manne, unga, mafuta ya taa. Anasema mwisho wa mwezi. Hakusema wa mwaka gani." Akafunua. "Mwanangu wa katikati." Mwana wa katikati ni mimi. "Nauli ya kwenda kwenye usaili, elfu tano. Kazi kapata. Kimya."

Turubai zima likanigeukia. Mjomba mmoja akanipigapiga goti kwa huruma, akaniuliza kama nina elfu tano hapo.

Kaka akacheka mpaka akakohoa. Hakucheka muda mrefu, maana ukurasa huo huo ulimsubiri: tairi la baiskeli, mwaka 1991, "baiskeli kaiuza, tairi bado nadai."

Mtoto alipolowesha kidole kufunua ukurasa mwingine, shehe wetu, aliyekuwa ametulia muda wote, alinyanyuka ghafla, akakichukua kipaza sauti, akasema muda umekwenda na marehemu anahitaji dua zaidi kuliko hesabu. "Al-Fatiha!" Baadaye nilifungua ukurasa ule. Shehe, tende kilo mbili, Ramadhani. Pembeni mama kaandika: "Huyu atanilipa Akhera, asije akadhani nimesahau."

Kaunta buku la rambirambi lilipatikana jikoni. Mpishi alikuwa analipepelea mkaa, na kurasa za mbele, zile zenye majina yote, zimeshaungua. Kuanzia saa hiyo hakuna mtu Tandika ambaye hakutoa rambirambi. Shemeji wa Mbagala anadai alitoa laki.

Jioni tukakaa ndugu wote kujadili madeni. Shehe akatufafanulia kuwa anachodai marehemu ni sehemu ya mirathi, ni cha warithi, na warithi wakiridhia wanaweza kusamehe. Alilieleza vizuri sana hili la kusamehe, kwa mifano. Kaka akasema tusamehe yote, kuanzia tairi. Dada, aliyelelewa karibu na duka kuliko sisi, akasema hapana: asamehewe asiyeweza, mwenye kununua sabuni za maua alipe. Tukaafikiana hivyo. Mama Chapati tukamfuta usiku ule ule, na tulipofika kwenye jina lake tukakuta mama alishamfuta mwenyewe, kiasi kilibaki kimeandikwa tu ili, kwa maneno yake, "asione haya kuja tena."

Asubuhi Bwana Kesho alikuwa wa kwanza dirishani. Kavaa shati la kupiga pasi.

"Dada yangu, poleni tena. Nimekuja kwa hili la jana. Deni silikatai, lakini haki iende sawa. Mayai pale mmesoma manne. Mimi mayai yangu ni matatu. La nne lilikuwa bovu, nikalirudisha, na mama alilipokea kwa mkono wake. Mungu shahidi."

Dada hakumjibu. Akalifungua kaunta buku, akafuata mstari kwa kidole, akaligeuza kulielekeza kwenye wavu ili asome mwenyewe yale maandishi madogo ya chini.

"Karudisha yai moja, eti bovu. Nimelikaanga. Zima."

Bwana Kesho akasoma. Akasoma tena, midomo ikicheza. Akakuna shingo, akainua macho kutazama rafu nyuma ya dada, kuanzia juu hadi chini.

"Unga upo?"

"Upo."

"Niandikieni kilo moja. Nitaleta kesho."