Wahmong wa Vietnam: Dini Mpya, Ukoo Uleule

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Wahmong wa milima ya kaskazini mwa Vietnam walianza kunasa redioni matangazo ya Kikristo yaliyorushwa kwa Kihmong kutoka Manila. Wengi wao hawakuwa wamewahi kumwona mmisionari. Walichovutiwa nacho kwanza ni sauti iliyosema lugha yao. Leo Waprotestanti miongoni mwao wanakadiriwa kufikia 300,000, katika jamii ya watu karibu milioni 1.4 kwa sensa ya 2019. Kinachobishaniwa ni kama hao bado ni Wahmong kamili.

Wanaokataa wana hoja nzito, na uzito wake huonekana msibani. Kwa desturi, kondo la mtoto wa kiume huzikwa penye nguzo kuu ya nyumba, na la msichana chini ya kitanda cha wazazi. Mtu akifa, huimbiwa wimbo mrefu unaoirudisha roho yake kijiji kwa kijiji, kila alipopata kuishi, hadi ilichukue kondo hilo, ambalo ndilo vazi lake la kwanza, ndipo iende kwa mababu. Kisha hupulizwa qeej, ala ya mirija sita ya mianzi. Waongofu wengi wameyaacha hayo, na wimbo huo hauna shughuli nyingine ya kuimbwa.

Waongofu nao hujibu kwamba matambiko yalikuwa yakiwafilisi, kwa kuwa ugonjwa ulidai mnyama wa kuchinjwa na msiba ukadai wengine. Isitoshe, ukoo haujavunjika: Mkristo wa ukoo wa Vang bado haoi Vang mwenzake, na Biblia anaisoma kwa Kihmong.

Serikali, ambayo ilianza kulegeza masharti yake juu ya Uprotestanti kwa agizo la Waziri Mkuu la 2005, imezoea kujitaja kuwa mlinzi wa utamaduni. Hapo mimi siikubali, kwa sababu matambiko hayohayo iliyapiga vita kwa miaka mingi ikiyaita ushirikina. Lakini pia siwaungi mkono waongofu wanaodai kwamba hakuna kilichopotea. Mzee aliyebaki na desturi, huku wanawe wote wameongoka, anajua kuwa kumwita mpuliza qeej siku atakapokufa ni kazi ya wanawe, wala yeye hawezi kuifanya mapema kwa niaba yao.